Pale tulipofyatulia matofali Chamwino

Jana nimepita pale kwenye shimo la udongo, nikasimama muda mrefu. Vijana wanapaita shimoni tu, hawajui tanuru lilikuwa wapi. Babu yangu alikuwa ananiambia, mjukuu wangu, mwaka 1971 Mwalimu Nyerere alikuja hapa hapa Chamwino akafyatua tofali na wanakijiji, yaani rais kabisa mikono imejaa tope, ilikuwa Operesheni Dodoma, watu watoke kwenye tembe, zile nyumba za udongo za paa bapa, wajenge nyumba bora. Miaka 2 baadae, 1973, TANU, chama tawala cha wakati ule, ikaamua makao makuu yahamie Dodoma.

Sisi tulikuja kufyatua baadae sana. Udongo unalowekwa unakanyagwa kwa miguu, ukiiva unaubamiza kwenye kalibu, ile fremu ya kutolea umbo la tofali, unakwangua juu, unamwaga chini, halafu jua la Dodoma linamaliza kazi. Kupanga tanuru ndio ufundi wenyewe, unaacha midomo ya kuni chini, nje unakandika tope joto lisitoroke, halafu mnakesha mnachochea. Tofali lililoiva ukiligonga linalia kama chungu, lisiloiva mvua ya kwanza tu linarudi udongo.

Ila kuni zile jamani zilikula miti mingi mno, na Dodoma yenyewe kavu hivi, hilo linaniuma mpaka leo. Sasa hivi watu wengi wanajengea bloku za simenti.

Nimeokota kipande kimoja pale, kina alama ya kidole gumba cha mtu. Nimekiweka dirishani.