Seli za kinga kwa saratani ya kongosho: soma kabla hujauza mikarafuu

Mwenye mgonjwa wa saratani ya kongosho hakosi jamaa wa kumrushia tangazo la WhatsApp: hospitali ya nje inatoa seli za kinga kwenye damu, inazikuza maabara, inazirudisha mwilini, uvimbe unayeyuka. Pemba wanaanza kuhesabu mikarafuu, Unguja wanatafuta mnunuzi wa kiwanja. Tangazo lina ukweli ndani yake, na huo ukweli ndio unaowaponza watu.

Tiba ya CAR-T, yaani seli za kinga ziitwazo T zilizotiwa kitambuzi (CAR) cha kuijua saratani, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017, na India, wanakokwenda wagonjwa wetu wengi, ikapata ya kwake mwaka 2023. Vibali hivyo ni vya saratani za damu na limfoma (saratani ya tezi). Kwa kongosho, tiba ya seli bado iko kwenye majaribio.

Kazi yenyewe iko hivi. Damu hupitishwa kwenye mashine kwa saa 3 hadi 5, seli nyeupe zikachujwa, damu iliyobaki ikarudi mwilini. Maabara huzitia seli T jeni mpya, mara nyingi kwa kutumia kirusi kilichoondolewa uwezo wa kuzaliana, kisha huzikuza kwa wiki kadhaa. Kabla ya kuzirudisha, mgonjwa hupewa dawa za kemo, fludarabine na cyclophosphamide, kwa siku 3 hivi, seli zake za zamani zipungue na mpya zipate nafasi. Kuzitia kwa dripu ni jambo la dakika tu. Hatari huja baadaye: homa kali, presha kuporomoka, mgonjwa kuchanganyikiwa hata kusahau majina ya watoto wake. Dawa ya kutuliza homa na presha hiyo, tocilizumab, lazima iwepo pale pale, pamoja na chumba cha wagonjwa mahututi. Ndiyo maana mgonjwa hubakishwa karibu na hospitali wiki 2 hadi 4. Anayekuahidi kutiwa leo na kupanda ndege kesho anakuuzia kitu chengine.

Kwa nini kwenye damu inafanya kazi na kwenye kongosho inakwama? Kwenye damu shabaha ni CD19, protini iliyo juu ya seli B (aina nyengine ya seli za kinga), na mtu anaweza kuishi bila seli B akisaidiwa kwa dawa. Kongosho haina shabaha safi namna hiyo. Mesothelin, protini iliyojaribiwa sana, iko pia kwenye utando wa mapafu, moyo na tumbo. Tena uvimbe wenyewe umejizungushia nyama ngumu yenye mishipa michache ya damu, mfano wa ukuta wa mawe na chokaa wa Mji Mkongwe, na seli za kinga zinazofanikiwa kupenya huchoka au hukandamizwa humo humo.

Kuna mlango mmoja wenye matumaini. Zaidi ya asilimia 90 ya saratani hizi zina hitilafu ya jeni ya KRAS, na aina ya G12D ndiyo ya kawaida zaidi. Tatizo, KRAS iko ndani ya seli na CAR huona vya nje tu. Ikatengenezwa njia nyengine, TCR (kipokezi cha asili cha seli T), inayotambua vipande vya KRAS vinavyobebwa juu ya seli na HLA, protini zinazotofautiana mtu na mtu. Mwaka 2022 madaktari wa Portland, Marekani, walitangaza mgonjwa aliyetiwa seli bilioni 16.2 mara moja. Baada ya miezi 6 uvimbe ulikuwa umepungua kwa asilimia 72. Mwengine aliyepewa tiba hiyo haikumfaa, akafariki. Na yule wa kwanza alifaa kwa sababu alikuwa na G12D na HLA-C*08:02 kwa pamoja. Kwa hiyo wakala akiomba amana kabla ya kuomba matokeo ya KRAS na HLA, muulize seli hizo zitalenga nini. Muulize pia namba ya usajili wa jaribio. Jaribio la kweli kwa kawaida halimuuzii mgonjwa seli.

Kazi ya maana inaanza hapa nyumbani, na inaanza na kinyama kinachokatwa kwenye uvimbe ili kipimwe. Sindano nyembamba mara nyingi hutoa kidogo mno kwa vipimo vya jeni, kwa hiyo mwambie daktari mapema kwamba mnavitaka. Kinyama kiwekwe kwenye formalin ya asilimia 10. Kikikaa humo zaidi ya siku 3, DNA huharibika. Mkipewa ripoti, ombeni na kile kijitofali cha nta, maana ndicho kitakachopimwa India au kwengineko. Omba pia kipimo cha MSI, hitilafu ya seli kushindwa kurekebisha makosa ya DNA. Wenye hitilafu hiyo ni kama asilimia 1 tu, lakini wao wana dawa ya kinga yenye kibali, pembrolizumab, isiyohitaji kukuza seli.

Pili, manjano. Majaribio mengi hayapokei mgonjwa mwenye bilirubini (rangi ya nyongo kwenye damu) ya juu, wala asiyeweza kujihudumia. Mfereji wa nyongo ukiziba unatiwa stenti, kijibomba cha kuufungua. Ya plastiki huziba tena baada ya miezi 3 hivi, ya chuma hudumu zaidi. CA 19-9, alama ya saratani hii kwenye damu, iliyopimwa macho yakiwa manjano msiisomee sana, irudieni nyongo ikishafunguka. Na kemo isisimamishwe kwa kusubiri majibu ya barua pepe: FOLFIRINOX, au gemcitabine na nab-paclitaxel, ndizo zinazomshikilia mgonjwa.

Tatu, uzito. Choo chenye mafuta kinachoelea ni dalili kwamba kongosho haitoi vimeng'enya. Vidonge vyake huanza na uniti 40,000 hadi 50,000 za lipase (kimeng'enya cha kusaga mafuta) kwa mlo mkubwa: kimoja tonge la kwanza, kilichobaki katikati ya mlo. Akivimeza baada ya wali wa nazi kwisha, vimepotea bure. Visifunguliwe kwenye uji wa moto, na joto letu halivifai. Jengine, hutengenezwa kutokana na nguruwe. Mwambieni mgonjwa mapema na mumuulize sheikh mnayemwamini, kuliko aje kusoma karatasi ya ndani katikati ya tiba akavitupa.