Nilivyorekebisha kumbukumbu za jeshi za shemeji yangu ili medali zake ziingie

Shemeji yangu alikuwa Mmarekani. Alipigana Vietnam, miaka mingi baadaye akaja Kigoma, akamwoa dada yangu, na amezikwa hukuhuku. Hati yake ya kumaliza utumishi, ile fomu inayoitwa DD 214, ilikuwa na medali moja tu: National Defense Service Medal, ambayo karibu kila aliyevaa sare kati ya 1 Januari 1961 na 14 Agosti 1974 aliipata, hata kama hakuwahi kutoka Marekani. Mtu aliyekaa Cu Chi mwaka mzima na Divisheni ya 25 ya askari wa miguu, akarudi na vipande vya chuma mguuni, hawezi kuwa na hiyo peke yake. Dada alitaka watoto wawe na karatasi inayosema ukweli wa baba yao. Kazi ya kuzifuatilia nilipewa mimi, na naandika hapa kwa ajili ya familia nyingine yenye shida kama hiyo.

Jambo kubwa kuliko yote: omba faili zima kwanza, medali baadaye. Anayeomba medali kabla ya kuliona faili hajui aombe zipi, na akijibiwa hapana hana la kujibu. Mafaili ya askari waliomaliza zamani yanatunzwa na National Personnel Records Center mjini St. Louis, jimbo la Missouri. Fomu ya kuliomba ni SF 180. Kwenye sehemu ya pili ya fomu usiishie kuweka tiki kwenye DD 214. Andika kwamba unataka nakala ya kila karatasi iliyomo kwenye Official Military Personnel File, yaani faili lake lote la utumishi, ukitaja waziwazi DA Form 20, ambayo ni kadi ya utumishi wake, na karatasi za matibabu. Usipotaja, utatumiwa nakala ya hati uliyonayo tayari.

Kuna watakaokuambia usijisumbue, mafaili yaliungua. Moto ulikuwepo kweli, 12 Julai 1973, na uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Lakini kwa jeshi la nchi kavu uliwagusa walioachishwa kati ya 1 Novemba 1912 na 1 Januari 1960, na kwa jeshi la anga walioachishwa kati ya 25 Septemba 1947 na 1 Januari 1964, tena kwa majina yanayoanzia Hubbard kwenda mbele. Shemeji alimaliza 1970. Faili lake halikuwa kwenye moto huo.

Sehemu ya kwanza ya SF 180 inataka utambulisho, na hapo namba ndiyo inayolipata faili. Jeshi la nchi kavu lilianza kutumia namba ya hifadhi ya jamii badala ya namba ya askari tarehe 1 Julai 1969. Kwa hiyo aliyeingia kabla na kutoka baada ya tarehe hiyo ana namba mbili, na zote ziandikwe. Herufi za mbele zisiachwe: US ni aliyeitwa kwa lazima, RA ni aliyejiunga mwenyewe. Tarehe nazo ni mtego. Wamarekani hutanguliza mwezi, sisi hutanguliza siku, na 08/11 inaweza kusomwa siku mbili tofauti kabisa. Andika mwezi kwa herufi, kama jeshi lao lenyewe linavyofanya: 11 AUG 68.

Mjane anakubalika kuomba maadamu hajaolewa tena. Ila aambatanishe uthibitisho wa kifo, na hapa ndipo mambo ya kwetu yanapoingia. Cheti cha kifo cha RITA huandikwa kwa kufuata taarifa iliyotoka hospitalini, na jina la kigeni huandikwa jinsi lilivyosikika. Jina la shemeji lilipungua herufi mbili, na jina la kati halikuwepo kabisa. Karani wa St. Louis anayelinganisha cheti na faili ataona watu wawili. Kama bado unaweza, peleka pasipoti ya marehemu wakati wa kuandikisha kifo ili jina linakiliwe herufi kwa herufi. Kama cheti kimeshatoka, dada aape mbele ya wakili ambaye ni kamishna wa viapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na kiapo kiandikwe kwa Kiingereza moja kwa moja. Cheti cha ndoa kiambatane, na kama ni cha Kiswahili tupu kiwe na tafsiri. SF 180 yenyewe haihitaji muhuri wa wakili, kwa sababu sahihi yake ni tamko linalobeba adhabu ya kusema uongo kwa sheria za Marekani. Lakini isiposainiwa kwa mkono, inarudi.

Stashenari zetu zinachapa kwenye A4, fomu zao zimetengenezwa kwa karatasi fupi na pana kidogo. Mwambie kijana wa mashine aweke chaguo la kupunguza hadi ienee kwenye ukurasa, la sivyo ukingo unaweza kukatwa na mstari wa sahihi ukapotea. Nilituma kwa EMS pale Posta Kigoma, nikabaki na namba ya kufuatilia na kopi ya kila ukurasa. Kwenye anwani ya kujibiwa weka sanduku la posta ambalo mwenyewe hatalihama, maana barua za huko zinachukua muda. Kupiga simu inawezekana: saa mbili asubuhi ya St. Louis ni saa kumi jioni ya Kigoma wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na moja wakati wa baridi yao.

Faili likifika, karatasi ya kukaa nayo ni DA Form 20. Ni kadi iliyopigwa taipu na makarani tofauti kwa miaka tofauti, wino umefifia, vifupisho vimejaa. Isome kwa namba za visanduku. Namba 31 ni utumishi nje ya nchi, na ndiyo inayotoa tarehe ya kuingia na kutoka Vietnam. Namba 38 ni vituo na vikosi alivyopitia, pamoja na alama za mwenendo na uchapakazi. Namba 40 ni majeraha. Namba 41 ni medali. Kwa shemeji, namba 41 ilikuwa na mistari mingi kuliko DD 214. Karani aliyemfungia safari ya kurudi nyumbani hakuihamisha, na sioni sababu nyingine ila haraka.

Ukishazipata tarehe, sehemu kubwa ya medali inahesabika yenyewe. Yeye aliingia Vietnam Agosti 1968 akatoka Agosti 1969. Vietnam Service Medal hubeba nyota moja ndogo ya shaba kwa kila kampeni aliyokuwepo, na kampeni zina tarehe zake: Counteroffensive Phase V, 1 Julai hadi 1 Novemba 1968, Phase VI, 2 Novemba 1968 hadi 22 Februari 1969, Tet 69, 23 Februari hadi 8 Juni 1969, Summer-Fall 1969, 9 Juni hadi 31 Oktoba. Hizo ni nyota nne. Kukaa miezi sita kulimpa pia Republic of Vietnam Campaign Medal yenye kibandiko cha 1960. Good Conduct Medal, ya mwenendo mwema, kwa kawaida hutaka miaka mitatu, lakini ya kwanza inaweza kutolewa kwa aliyemaliza utumishi akiwa na zaidi ya mwaka mmoja. Kisanduku cha 38 kilionyesha alama ya juu, Excellent, kila mstari, na hakuna barua yoyote ya kamanda ya kumzuia. Kwa Combat Infantryman Badge, beji ya askari wa miguu aliyepigana, kinachotazamwa ni fani ya askari wa miguu, kwake 11B, ndani ya kikosi cha askari wa miguu kilichokuwa vitani. Na kuna moja inayosahaulika mno: Gallantry Cross with Palm ya Vietnam kwa vikosi. Amri ya Jeshi namba 8 ya 1974 iliitoa kwa vikosi vyote vya jeshi la nchi kavu vilivyotumikia Vietnam. Tuzo nyingine za vikosi utazikuta kwenye kitabu cha jeshi kiitwacho DA Pamphlet 672-3, kwa kikosi na kwa tarehe.

Nilitengeneza orodha: kila medali, kanuni inayoitoa, na ukurasa wa faili unaoithibitisha, nikiwa nimeupa namba kwa kalamu. Karani asiachiwe kazi ya kutafuta.

Purple Heart, medali ya aliyejeruhiwa na adui, ni habari nyingine. Jeraha halitoshi. Lazima yathibitike mambo matatu: kwamba lilisababishwa na kitendo cha adui, kwamba lilihitaji matibabu ya watu wa tiba, na kwamba matibabu hayo yaliandikwa rasmi. Kisanduku cha 40 kilikuwa na neno la vipande vya chuma mguu wa kulia na tarehe, basi. Hakikusema ni adui. Kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa hazikai kwenye faili la askari. Zinatunzwa kwa jina la hospitali na mwaka. Kwa hiyo niliomba upya, nikitaja 12th Evacuation Hospital ya Cu Chi, mwezi na mwaka. Niliomba pia ripoti ya asubuhi ya kombania yake kwa siku hizo, ambako karani wa kombania aliandika nani ametolewa kazini kwenda hospitali. Karatasi ya hospitali ndiyo iliyotaja mapambano na adui. Kama hospitali ingekosekana, ningeenda kwenye shajara za vikosi zilizoko Hifadhi ya Taifa ya Marekani, College Park, Maryland, na kutafuta wenzake wa kombania watoe maelezo ya walichokiona. Maelezo ya familia peke yake hayana uzito, sisi hatukuwepo.

Medali zilizokuwa wazi ndani ya faili hazihitaji kikao cha bodi, hurekebishwa kiofisi. Kinachobaki kwenye ubishi ndicho hupelekwa Army Board for Correction of Military Records, bodi ya jeshi ya kurekebisha kumbukumbu, kwa fomu DD 149, na bodi haisikilizi kama hujapita njia za chini. Sheria inatoa miaka mitatu tangu kosa lilipogunduliwa, ila bodi inaweza kusamehe kwa ajili ya haki. Kwenye kisanduku cha tarehe ya kugundua, andika siku faili lilipofika mikononi mwenu, na mweleze kwa nini halikuonekana mapema. Maelezo yawe mafupi: kosa ni lipi, ushahidi uko ukurasa gani, mnaomba nini kiandikwe. Cheti cha kifo na cha ndoa viambatane tena, hata kama mlishavituma St. Louis, kwa kuwa ofisi ni tofauti.

Masahihisho yalikuja kwa DD 215, ukurasa mmoja unaotaja kisanduku cha DD 214 na maneno yanayoongezwa, kwanza zile za kiofisi, kisha Purple Heart baada ya bodi. DD 214 ya zamani haiandikwi upya na isitupwe. Moja bila nyingine haijakamilika. Serikali ya Marekani haitozi askari wala mjane wake kwa medali zake, hivyo anayewaomba ada ya kuzitoa mkatalieni. Zile mbili za serikali ya Vietnam ya Kusini, yaani Republic of Vietnam Campaign Medal na Gallantry Cross, ndizo hazitolewi na jeshi. Zinaandikwa kwenye hati tu, na familia ikitaka kuzishika hununua kwa wauzaji binafsi.