Kumbukumbu ya mradi: nani atafunza watu wa stoo Excel? (Nakuru)

Wiki ya kwanza, Oktoba

Wacha nianze na sababu juu bila hiyo hii kazi yote haina maana. Mwezi wa tisa tulihesabu stoo tukapata mifuko 23 ya mbolea ya CAN haionekani. Stoo yetu ni ya mbolea, mbegu na dawa za shamba, iko upande wa viwandani hapa Nakuru, na mfuko mmoja ni kilo 50 kwa hivo 23 si kitu mtu anapita nacho geti. Kijana anayepakia lori alikaa siku tatu akijua ataachishwa kazi, hakua anakula mchana, alikua anaketi tu kwa marundo ya mbegu anaangalia chini. Siku ya nne mimi na mama keshia tukafungua delivari noti zote za miezi miwili tukakaa nazo mpaka saa tatu usiku na tukapata, delivari moja ya mifuko 23 iliingizwa mara mbili, mtu mmoja aliingiza asubuhi na mwingine akaiona mezani jioni akadhani haijaingizwa. Hakuna mtu aliiba kitu. Hiyo mifuko haikuwahi kuwa.

Mimi si mwalimu, mimi ni mtu wa kuagiza mali, lakini nilienda kwa bosi nikamwambia tatizo si uaminifu, ni kwamba watu wanne wanagusa faili moja ya Excel na hakuna hata mmoja alifunzwa kuitumia, mimi nikiwa wa kwanza. Akanipa shilingi 6,000 na saa moja kila Jumamosi, na masharti ni tumalize kabla ya Februari, manake mvua ya masika ikikaribia wakulima wanaanza kuja kutafuta mbolea ya DAP ya kupandia na hapo hakuna mtu wa kukaa chini kusoma.

Kwa hivo mradi ni huu: nilinganishe majukwaa ya kusoma mtandaoni, nione ni lipi linaweza kufunza watu wa stoo kazi ya stoo.

Bado wiki ya kwanza: mtihani kabla ya kozi

Kabla sijagusa kozi yoyote nimetengeneza mtihani wangu. Nilichukua faili yetu ya kweli, nikatoa mistari 40 ya mali iliyoingia na kutoka, nikaficha makosa matano ndani: delivari iliyorudiwa, tarehe iliyogeuzwa, kilo badala ya mifuko, jina la bidhaa limeandikwa tofauti, na salio lenye fomula imefutwa ikabaki namba tu. Dakika 45. Hii ndo nitatumia kupima, sitapima na cheti.

Matokeo ya kwanza: keshia alipata 3, dada wa kaunta 2, mzee wa stoo 2, kijana 0. Kijana alisema pole, nikamwambia hakuna pole hapa, hiyo ndo sababu tunaanza.

Wiki ya 2

Nimesoma kuhusu haya majukwaa mpaka macho yameuma. Naandika kile kilichonisaidia kuamua.

Coursera na edX zote zilianza 2012, Coursera na maprofesa wawili wa Stanford, Andrew Ng na Daphne Koller, edX na Harvard pamoja na MIT, kwa hivo kozi nyingi zimepangwa kama za chuo, wiki kwa wiki na kwizi na kazi za kufanya. Coursera unaweza kuomba usaidizi wa kifedha ukieleza hali yako kwa maandishi, jibu linaweza kuchukua kama wiki mbili, sasa mtu mwenye haraka hiyo lazima aihesabu mapema. Alison ni ya Ireland, ilianza 2007 hata kabla ya hizo zingine mbili, kusoma ni bure na matangazo, unalipa ukitaka cheti. Udemy ni kama soko, mtu yeyote anaweza kuweka kozi yake hapo, unanunua moja moja na inabaki yako, na ofa ziko mara kwa mara unaweza kupata kozi kwa dola 10 hadi 15, na dola moja ni kama shilingi 129 hivi. LinkedIn Learning ni ile iliyokua Lynda.com, LinkedIn waliinunua 2015, unalipa kwa mwezi unasoma chochote. Microsoft wenyewe wako na masomo ya Excel ya bure kwa tovuti yao, mafupi mafupi.

Kitu kimoja kilinishtua. Kuna utafiti wa Justin Reich na José Ruipérez-Valiente uliotoka 2019, waliangalia kozi za edX za Harvard na MIT wakapata wanaomaliza ni kama asilimia 3 tu ya wote wanaojiandikisha, lakini kati ya waliolipia cheti ni karibu nusu. Nimelifikiria sana hilo. Kwangu mimi linasema mtu akiwa na kitu amekiweka mezani anarudi, na sisi cha kuweka mezani ni ile Jumamosi, kila mtu anajua wenzake wanamngoja.

Malipo niliyafanya na ile kadi ya Visa ya M-Pesa, GlobalPay, iko tangu 2022 na inasaidia sana kwa sisi tusio na kadi ya benki ya kununua vitu nje.

Wiki ya 3

Nimegawa. Keshia Coursera, kijana Alison, dada wa kaunta Udemy, mzee masomo ya bure ya Microsoft. Mimi nazunguka kote.

Bando kwanza, juu hapa ndo pesa inapotea na watu hawahesabu. Nilipima kwa simu yangu: saa moja ya vidio kwa ubora wa chini ilikula kama MB 250, nikaacha ijichagulie yenyewe ikapita GB 1. Kwa mtu anayeishi mtaa wa Kaptembwo na ananunua bando ya siku, hiyo tofauti ni chakula. Apu za Coursera na Udemy zinakuruhusu kudaunlodi vidio, kwa hivo Ijumaa jioni tunabaki ofisini nusu saa kwa Wi-Fi ya kazi, kila mtu anajaza simu yake ya wiki nzima. Hii peke yake imeokoa karibu nusu ya pesa niliyokua nimepanga.

Makosa yangu ya wiki: kuna jukwaa moja, silitaji, nilijiandikisha kwa mwezi wa kujaribu bure nikasahau kuandika siku ya kufunga, wakakata. Sasa kila kitu cha kujaribu bure naweka kengele kwa simu siku mbili kabla.

Wiki ya 5

Hapa mambo yamekua mengi na nataka kuyaeleza polepole juu nadhani ni ya maana kuliko bei.

La kwanza, XLOOKUP. Ni fomula ya kutafuta kitu kwa orodha, mpya kuliko VLOOKUP inayofanya kazi hiyo hiyo. Kozi mbili kati ya nne zinafunza XLOOKUP na mwalimu anasema sahau VLOOKUP. Sawa, lakini komputa ya stoo iko na Excel 2016 na XLOOKUP iko kwa Microsoft 365 na Excel 2021 kwenda juu. Keshia aliandika fomula vizuri kabisa, neno kwa neno, ikaleta #NAME?, manake Excel haijui hiyo fomula, akafikiri ni yeye ndo hajui. Alijaribu mara saba. Saba! Niliumia, juu huyu ni mtu alikua anaogopa komputa na hapo ndo alikua anaanza kupata moyo. Kwa hivo ukitaka kuchagulia watu kozi, kwanza fungua komputa watakayotumia uangalie Excel ni ya mwaka gani, alafu ndo utafute kozi, si kinyume.

La pili, tarehe. Walimu wengi ni Wamarekani, wanaandika mwezi kwanza. 03/04 kwao ni Machi, kwetu ni tarehe tatu mwezi wa nne. Kwa mtu wa ofisi labda ni usumbufu kidogo lakini sisi tuko na mbegu na dawa zenye tarehe ya mwisho, na dada wa kaunta alifanya zoezi la kozi akaacha mpangilio wa Marekani kwa komputa, keshoye mistari sita ikaingia na mwezi umegeuzwa. Tulishika mapema. Sasa komputa imewekwa Kenya kwa mipangilio ya nchi na tunaandika mwezi kwa herufi, 3-Apr-26, hakuna nafasi ya kubishana.

La tatu ndo kubwa. Hakuna kozi hata moja ilianza na shida yetu. Wanaanza na kupaka rangi seli, kujumlisha, chati za mauzo ya kampuni ya kubuni. Shida yetu ni delivari kuingizwa mara mbili. Dada wa kaunta ndo aliipata, na aliipata kwa sababu kozi yake ilikua ya saa 22 akaona hataweza yote, akaenda kwa orodha ya masomo akatafuta neno la kurudiwa, akaruka moja kwa moja hapo. Somo la dakika 6. Unachagua safu ya namba za delivari, unaingia Data Validation (pale unaweka masharti ya kinachokubaliwa kuandikwa), unachagua Custom, unaandika =COUNTIF($B:$B,B2)=1, basi. Mtu akijaribu kuandika namba ambayo iko tayari, Excel inakataa. Tuliijaribu na ile delivari ya mifuko 23 na ikakataa mbele yetu wote, kijana alisimama akaenda nje kidogo akarudi.

Angalizo kwa mwenye atajaribu: inakataa ukiandika kwa mkono, lakini ukikopi na kubandika inapita. Kwa hivo kubandika kwa hiyo safu tumepiga marufuku.

Wiki ya 7, mzee

Mzee wa stoo yuko hapo miaka mingi kuliko sisi wote. Masomo ya Microsoft ni mazuri, mafupi, hayana kelele, lakini ni ya Kingereza na anasoma polepole. Aliniambia, "Kijana wangu, nikimaliza kuelewa mstari wa kwanza, wa pili nimeshasahau." Nilipunguza mwendo wa vidio mpaka 0.75, haikusaidia sana.

Lakini angalia kwa ule mtihani wa kwanza makosa mawili aliyoyapata, aliyapata bila fomula. Aliangalia mstari akasema huyu msambazaji haleti mali Jumanne, yeye ni Alhamisi, kwa hivo tarehe ni ya uongo. Na akasema hakuna mtu huchukua kilo 50 za mbegu ya mahindi kwa wakati mmoja, hii ni paketi za kilo 2 mtu amechanganya. Hakuna kozi duniani inafunza hiyo. Nikaona nimekosea kumpa masomo na kumwacha, huyu alitakiwa kuwa mwalimu wa upande mmoja.

Kwa hivo tumebadilisha. Keshia akimaliza somo lake anarekodi sauti ya WhatsApp ya dakika tatu kwa Kiswahili, anaeleza kwa kutumia mali yetu, "fungua faili, enda kwa CAN, bonyeza hapa". Mzee anasikiza akiwa kwa matatu. Naye anarekodi yake, vile unajua delivari ina kasoro kabla hujaiingiza. Zimefika 14 sasa.

Wiki ya 10, Desemba

Mtihani wa pili, mistari mingine, makosa mengine ya aina zile zile. Keshia 5, dada wa kaunta 4, kijana 4, mzee 5.

Ni watu wanne tu, najua, na tulisaidiana sana kwa hivo siwezi kusema jukwaa fulani lilishinda lingine kwa alama. Lakini kwa macho yangu: keshia alipenda Coursera juu ya tarehe za kumaliza, alisema zinamsukuma. Kijana Alison ilimfaa juu mtihani wa mwisho unataka asilimia 80, alirudia mara tatu na hakuna aliyemkaripia, alikua anarudia peke yake usiku. Kwa kozi ya kuruka na kurudi baada ya miezi, Udemy, juu inabaki yako. Kwa kitu kimoja unataka sasa hivi, Microsoft.

Cheti sijakipa uzito na nieleze. Kwa fundi wa kuchomelea au umeme, mtihani wa Grade wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, unajulikana kila mahali, na mwajiri pia anatozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo, ila akitaka kurudishiwa gharama lazima mafunzo yaidhinishwe na NITA kabla hayajaanza. Nilikua sijui hilo, ningeuliza mapema. Hizi kozi zetu hazikua kwa mpango huo, kwa hivo kilichobaki ni kama stoo inahesabika au haihesabiki.

Pesa: 6,000 zilitolewa, zimetumika 4,350 pamoja na ile niliyokatwa.

Wiki ya 14, Januari

Tumehesabu stoo yote Jumamosi. Tofauti mifuko 2 ya DAP, zote mbili zilipasuka mwezi wa kumi na mbili na ziko kwa kona, mzee alikua ameziandika kwa kitabu lakini hazikuingizwa. Tumeziingiza. Delivari noti sasa anaingiza kijana, yeye mwenyewe aliomba.

Kinachofuata: kuna programu inaitwa Kolibri, ya bure, unaiweka kwa laptopu moja na simu zingine zinaisoma kwa Wi-Fi bila intaneti, na ina Kiswahili. Nataka kuweka zile sauti zetu na vidio fupi hapo ili mtu mpya akija asianze na sifuri. Laptopu ya zamani nimeipata, inahitaji betri.

Jumamosi hii tunaanza upande wa dawa na tarehe zake za mwisho. Mzee amesema atakuja na kitabu chake cha 2009.