Nilivyojifunza kuisoma hati ya bima ya mzigo wa meli

Nauza samani za ndani hapa Dar es Salaam: makabati ya nguo, vitanda, meza za televisheni. Vingi natoa Foshan, China, kwenye maduka ya Lecong, na mara mojamoja naleta mazulia ya Uturuki. Samani zangu karibu zote ni za MDF, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Ukipata maji unaumuka kama andazi, na ukishaumuka haurudi. Kwa mtu wa biashara hii, bima ya mzigo si karatasi ya kuonyesha forodha ili mzigo utoke.

Kilichonikalisha chini na hati ya bima ni mkasa wa jirani yangu wa dukani. Aliagiza kwa bei ya CIF, maana yake muuzaji wa China ndiye aliyelipa nauli ya meli na bima. Kontena likafika, makabati yamelowa. Jirani akachomoa cheti chake cha bima chenye mihuri mizuri, akapeleka madai. Jibu lililorudi: hasara ya namna hii haimo. Alikasirika, akasema katapeliwa. Tulipokisoma kile cheti pamoja, katikati ya maandishi madogo kulikuwa na mstari mmoja: Klozi C.

Muuzaji hakumtapeli. Kanuni za biashara ya kimataifa, zile Incoterms za 2020, zinasema anayeuza kwa CIF anatakiwa kukata bima ya kiwango cha chini kabisa, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kiwango hicho cha chini ndicho Klozi C. Inalipa majanga makubwa tu: moto, mlipuko, meli kuzama, kukwama au kupinduka, kugongana, lori au treni kupinduka, mzigo kutoswa baharini ili kuokoa meli. Maji kuingia ndani ya kontena hayamo. Wizi haumo. Na jambo ambalo wengi wetu Kariakoo tunalikosea: kwa CIF muuzaji analipia bima, lakini mzigo ukishapakiwa melini kule China, hatari ni yako wewe mnunuzi. Bima ni ya mkono wake, hasara ni ya kwako.

Jirani akauliza, "Sasa si wenye meli walipe?" Wanaweza kulipa, lakini usiweke roho hapo. Kanuni za zamani za usafirishaji baharini, zile za Hague, zina orodha ya sababu 17 za kumkinga mwenye meli, na hata akibanwa kuna ukomo wa anacholipa kwa kila furushi.

Nikaenda kwa dalali wa bima, mama mmoja wa makamo ambaye ofisi yake imejaa mafaili hadi kwenye viti vya wageni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja kukata au kuuliza?"

"Kuuliza kwanza."

"Basi ondoa hayo mafaili ukae."

Nikampa mfano wa hati ya bima niliyokuwa nimetumiwa na kampuni moja. Hakuanza ukurasa wa kwanza wenye jina langu na thamani ya mzigo. Akageuza moja kwa moja hadi kwenye masharti, akaweka kidole kwenye kifungu cha 4. "Anzia hapa," akasema. "Huku ndiko wanakokataa."

Masharti yenyewe ni ya London, Institute Cargo Clauses, na kampuni nyingi za bima huku kwetu ndiyo hayo hayo wanayotumia. Yalitoka 1982, yakafanyiwa marekebisho 2009. Yako ya herufi tatu. C nimeshaieleza. B inaongeza tetemeko, radi, mzigo kufagiliwa na mawimbi, maji ya bahari, ziwa au mto kuingia kwenye meli au kontena, na furushi zima kupotea kwa kudondoka wakati wa kupakia au kushusha. Angalia vizuri: maji ya bahari yamo, mvua haimo. A ndiyo pana, inalipa kila hasara ya ajali isipokuwa zile zilizokatazwa. Ndiyo maana kwenye A kifungu cha 4 ni roho ya mkataba wote.

Kilichokatazwa humo: hasara uliyoitaka mwenyewe, upungufu wa kawaida wa uzito au uvujaji, ufungaji mbovu, kasoro iliyomo ndani ya bidhaa yenyewe, ucheleweshaji, na mwenye meli kufilisika huku wewe ukijua au ukipaswa kujua kwamba hali yake ni mbaya. Ucheleweshaji ndio uliniuma. Mzigo wa Idi ukifika baada ya Idi, hulipwi hata kama kilichouchelewesha ni jambo ambalo bima inalifidia. Vita na migomo vimetolewa pia, na vinanunuliwa kwa masharti yake ya pembeni.

Ufungaji nao si jambo la kupuuza. Kontena likitoka kwenye joto likaingia kwenye baridi, hewa iliyomo ndani inatoa umande, umande unadondoka kutoka darini. Watu wa mizigo wanaita jasho la kontena. Mbao ikiwa mbichi, au paleti zimelowa, jasho linaongezeka, na bima wana njia ya kusema kwamba unyevu ulitoka kwenye mzigo wako mwenyewe. Tangu siku ile natuma maagizo kiwandani: mifuko ya kunyonya unyevu ining'inizwe kwenye kuta za kontena, paleti ziwe kavu, na picha zipigwe kabla milango haijafungwa. Mchina wangu alilalamika kidogo kuhusu gharama, kisha akazoea.

Baada ya hapo nilichukua karatasi nikachora safari ya mzigo: kiwanda Lecong, lori, bandari ya Nansha, meli, bandari ya Dar, bandari kavu, lori, ghala langu. Kila kituo nikauliza maswali mawili: hapa mzigo ni hatari ya nani, na bima yangu imeshaanza au imeshakwisha?

Swali la kwanza linajibiwa na bei mliyokubaliana. Mimi niliacha CIF nikahamia C&F, muuzaji analipa nauli tu na bima nakata mwenyewe Dar. Hata hivyo sheria ya Tanzania inataka mzigo unaoagizwa kutoka nje ukatiwe bima kwa kampuni zilizosajiliwa hapa nchini chini ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa hiyo kulipia ya China ndani ya bei ya CIF ilikuwa ni kulipa mara mbili, na ile ya pili ndiyo yenye maana.

Swali la pili lilinichukua muda. Kwenye masharti ya 2009 bima inaanza mzigo unapoguswa kwa mara ya kwanza ghalani ili upakiwe, na inakwisha ukimaliza kushushwa kwenye lori katika ghala la mwisho. Yale ya 1982 yanaishia mzigo unapokabidhiwa ghalani, na kushusha ndiko kabati zinakovunjwa miguu. Kwa hiyo mwaka unaoandikwa baada ya herufi A unahesabika. Halafu kuna ukomo: siku 60 tangu mzigo umalize kushuka melini kwenye bandari ya mwisho, bima imekwisha hata kama bado uko bandarini. Na ukiamua mwenyewe kuliacha kontena bandari kavu ligeuke stoo yako kwa kuwa dukani hakuna nafasi, bima inakatika hapo hapo, husubiri hata hizo 60.

Kwenye thamani nilikuta mtego mwingine. Kawaida unakata kwa gharama ya mzigo pamoja na nauli na bima, ukiongeza asilimia 10. Mzigo wa dola 20,000, nauli 4,000, bima tuseme 100, ni 24,100; ukiongeza sehemu yako ya kumi inakuwa 26,510. Wapo wafanyabiashara wanaoandika nusu ili ada ipungue. Hao wakipata hasara ya dola 6,000 wanalipwa 3,000, kwa sababu ile nusu nyingine sheria inahesabu kwamba walijikatia bima wenyewe. Ushuru na VAT ya asilimia 18 navyo havimo mpaka uombe viongezwe. Na ekses, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, uliza ni asilimia ya nini. Yangu ni asilimia moja ya thamani yote iliyokatiwa bima, si ya hasara. Kwa mfano ule ni dola 265. Hasara ndogo ya dola 200 hata usihangaike kuandika barua.

Mama aliniuliza, "Unajua unaweza kulipa na mzigo wako haujaguswa?" Nilidhani ananitania. Meli ikipata balaa, nahodha akatoa kafara sehemu ya mzigo au akaita waokoaji ili wengine wapone, gharama inagawanywa kwa wote wenye mali mle melini kulingana na thamani. Wanaita jenero avareji, na ni desturi ya mabaharia ya tangu kale. Machi 2018 meli ya Maersk Honam iliwaka moto Bahari ya Arabu. Wenye mizigo walitakiwa kuweka dhamana ya asilimia 42.5 ya thamani kwa ajili ya waokoaji na asilimia 11.5 ya mchango, jumla 54, ndipo waachiwe makontena yao. Ever Given ilipokwama Mfereji wa Suez Machi 2021, mwenye meli naye alitangaza jambo hilo hilo. Mwenye bima, hata ya C, kampuni yake inasaini dhamana na mzigo unatoka. Asiye na bima anatafuta fedha taslimu. Kwa mzigo wangu wa dola 20,000 hiyo ingekuwa dola 10,800 kuzitafuta wakati mzigo umeshikiliwa. Nilikata A siku ile ile.

Zamu yangu ikaja. Kontena la makabati lilifika ghalani, tukapiga picha ya namba ya lakiri kabla ya kuikata, tukafungua. Upande wa kushoto karibu na mlango maboksi yalikuwa meusi kwa maji. Nikawaambia vijana waache kushusha, nikampigia mama. Akaniambia mambo matatu bila kupumua: usitupe kitu, tenga kikavu na kilicholowa, na leo leo andika barua kwa wakala wa meli. Hasara isiyoonekana kwa nje una siku tatu tangu kupokea mzigo kumtaarifu mwenye meli kwa maandishi. Baada ya hapo inachukuliwa kwamba ulipokea mzigo salama mpaka uthibitishe vingine. Kumshitaki una mwaka mmoja. Bima wanakutaka ulinde haki hizo, kwa sababu wao ndio watakaozitumia.

Mkaguzi wa hasara alikuja kesho yake na kibegi kidogo. Kwanza aliniomba niingie naye kwenye kontena lililokuwa limeshatolewa mzigo, akaagiza milango ifungwe. Giza totoro. Tukasubiri macho yazoee, kisha akanyoosha mkono juu: kwenye kona ya dari, palipo na mkunjo wa bati, palikuwa na nukta mbili za mwanga, nyembamba kama ncha ya sindano. Akazipiga picha. Tulipotoka akachukua kichupa cha naitreti ya fedha, akadondoshea tone kwenye boksi lililolowa. Tone likageuka jeupe. Akadondoshea jingine kwenye boksi kavu la upande wa kulia, likabaki lilivyo.

"Maji ya chumvi," akasema. "Haya hayakutoka kwenye mbao zako."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alihangaika na vile vitone. Jasho la kontena halina chumvi. Yangekuwa maji baridi, tungeanza mabishano ya ufungaji na unyevu wa bidhaa. Chumvi na tundu vilifunga mjadala: bahari iliingia kutoka nje.

Madai yalihitaji ankara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena, hati ya bima, ile karatasi ya makabidhiano ya kontena getini bandarini, nakala ya barua kwa wakala wa meli na ripoti ya mkaguzi. Makabati yaliyoumuka yalihesabiwa hasara kamili. Yaliyolowa boksi tu tulilipwa gharama ya kukagua na kufunga upya. Nilijaribu kuingiza na yale yenye mikwaruzo midogo, mkaguzi akacheka tu. Yaliyokufa niliuza kwa fundi wa Keko aliyetaka bawaba, vioo na reli za droo, na kiasi hicho kikapunguzwa kwenye malipo pamoja na ekses. Kabla ya hundi nilisaini barua ya kuwapa bima haki ya kumdai mwenye meli kwa niaba yangu. Kama walimpata au hawakumpata, hilo ni lao.

Mazulia ya Uturuki sasa nayakatia kivyake. Njia yake ya kawaida ni Suez na Bahari ya Shamu, na tangu mashambulizi ya meli yaliyoanza Novemba 2023 meli nyingi zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Namuuliza mama ada ya klozi ya vita kila shehena kabla sijathibitisha oda, maana bei yake inapanda na kushuka kwa taarifa fupi. Klozi hiyo nayo ina kikomo chake, inalinda mzigo ukiwa majini tu, si ukiwa juu ya lori.