Kwa nini sikutuma vile vidonge

Juzi dada mmoja wa Kihesa, Iringa kaniandikia inbox, ana mtoto msumbufu kama wangu alivyokuwa, anaomba nimtumie kwa basi vidonge 10 tu vya dawa ya mwanangu ya kumsaidia kutulia, ajaribu. Sijatuma. Ila sikutaka kumjibu kwa mstari mmoja, maana najua hali aliyonayo, nimepita hukohuko.

Mi nakaa Uyole, Mbeya. Mwanangu wa pili ana miaka 9 na ana ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kushika jambo moja. Kabla hatujajua tuliambiwa kila kitu, mara mtundu, mara mama kamdekeza, mara apelekwe kwenye maombi, na shuleni kulikuwa na mwalimu anamchapa karibu kila siku kwa kutokatoka kwenye dawati, na mi mwenyewe nimemchapa, hilo bado linaniuma kwa sababu mtoto hakuwa anafanya makusudi.

Daktari wa magonjwa ya akili tuliyempata hakuandika methilifenidati siku ileile, hiyo ndo wengi wanaijua kama Ritalin. Aliuliza maswali mpaka nikaona anatuchelewesha. Kapima uzito, urefu, presha, mapigo ya moyo, afu akauliza kwenye ukoo kuna mtu alikufa ghafla akiwa bado kijana? Mume wangu akakumbuka baba yake mdogo wa Tukuyu, alianguka shambani akiwa na miaka thelathini na kitu, asubuhi kaamka mzima. Hapo daktari akasema mtoto apimwe moyo kwanza kwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Majibu yalipokuwa mazuri ndo akaandika. Alitueleza dawa inaongeza kemikali za dopamini na noradrenalini kwenye ubongo, ndo mtoto anaweza kushika jambo moja mpaka mwisho, lakini hizohizo zinaharakisha moyo na kupandisha presha, kwa hiyo mwenye tatizo la moyo ambalo halijajulikana anaweza kupata madhara makubwa.

Na imemsaidia, nisidanganye. Jioni ya wiki ya pili alinionyesha daftari ambalo notsi za ubaoni kazinakili zote mpaka chini, nikaenda kulia jikoni.

Ila kula ni kazi. Mchana hasikii njaa kabisa, kontena la chakula lilikuwa linarudi kama lilivyoenda, siku hizi namlisha kabla ya kidonge, uji wa ulezi wenye karanga, viazi, yai, na usiku dawa ikishaisha nguvu njaa inarudi anakula kama watu wawili. Tunampima uzito na urefu mara kwa mara kwa sababu dawa hii inaweza kupunguza kasi ya kukua. Akichelewa kuimeza, akameza mchana sana, usiku hamna usingizi.

Sasa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, yuko chuo na anakaa kwetu. Wiki ya UE, ile mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula, kasikia kwa wenzake kwamba dawa ya mtoto inafaa kupigia msuli, yani kukesha unasoma. Akachukua bila kuniambia, akachanganya na vinywaji vya enaji, akakesha siku mbili. Saa nane usiku anagonga mlango, "Shem, moyo unaenda mbio, naona kama nakufa." Mikono inatetemeka, jasho, na baridi la Uyole mnalijua. Tukamkimbiza hospitali kwa bajaji, wakakaa naye mpaka asubuhi, akapona. Mi nikiwa kwenye benchi pale ndo ikanijia kwamba yule baba mdogo aliyeanguka Tukuyu ni baba yake mdogo pia. Mtoto wangu aliulizwa hilo swali. Yeye nani alimuuliza?

Na hata hicho alichokitafuta hakipo kama wanavyoambiana. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia walitoa utafiti, waliwapa watu 40 wazima wasio na ADHD dawa za aina hii wakati wa kutatua maswali magumu, wakaonekana wanajituma zaidi ila ubora wa wanachofanya ukashuka. Yani unakesha unajiona una akili kumbe unazunguka palepale. Afu wanafunzi haohao wanaogopa mirungi, wanajua ni haramu kisheria, wakati kathinoni, kemikali ya kwenye mirungi inayochangamsha, ni ndugu wa karibu wa amfetamini, dawa nyingine ya kuchangamsha ubongo, na amfetamini na methilifenidati zinafanya kazi karibu sawa kwenye ubongo. Ukizoea kutumia hovyo unaweza kuwa mtegemezi, na kuna wanaofika kusikia sauti na kuona vitu ambavyo havipo.

Wapo watu wazima wanaoandikiwa kwa haki kabisa, wenye ADHD na wenye ule ugonjwa wa kusinzia ghafla mchana. Hao wana daktari na wanapimwa presha.

Kwa hiyo dada yangu wa Kihesa, usinichukie. Tafuta daktari wa akili au wa watoto, hata kama ni kusafiri, na siku ya kwenda nenda na mtu wa upande wa baba yake mtoto, shangazi au bibi, yule anayejua kwenye ukoo wao nani alikufa na alikufaje.