Kijarida cha chama cha wenye nyumba kianze na ukurasa wa hela

Jamani kama mnaishi sehemu yenye chama cha wenye nyumba na kuna mtu kapendekeza muanzishe kijarida, mimi niko upande wake kabisa, na nayasema haya kama mhariri wa kijarida cha chama chetu. Ila nina msimamo mmoja siuachii: kianze na hela. Salamu za mwenyekiti zitakuja baadaye, picha ya geti jipya nayo itapata nafasi yake, lakini ukurasa wa kwanza uonyeshe kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki na kinachodaiwa. Mistari minne tu inatosha, halafu chini yake maelezo kidogo ya matumizi makubwa ya kipindi hicho.

Kwa nini naking'ang'ania hicho? Kwa sababu kila mwenye nyumba anatoa mchango kila mwezi na wengi hawajui unaishia wapi. Kamati inajua, mweka hazina anazo risiti zote, lakini taarifa yenyewe inasomwa mara moja kwa mwaka kwenye mkutano mkuu, tena mwishoni mwishoni watu wameshachoka wanaangalia saa. Sasa kati ya mkutano na mkutano nani anawaambia watu? Grupu la WhatsApp. Na huko si unajua mambo yanavyoenda, mtu kaona fundi kaja mara mbili wiki moja anaandika "hapa tunaliwa", mwingine anaongezea alichosikia kwa mlinzi, ikifika jioni imeshakuwa habari kamili na mweka hazina wa watu anatukanwa wakati hajachukua hata senti, ni vile tu hakuna aliyeambiwa mapema. Hapo ndo kijarida kinafanya kazi yake, kinafika kabla ya uvumi.

Kitu kingine ni lugha. Kumbukumbu za vikao zimeandikwa kwa ajili ya faili. Utakuta sentensi kama hii: "Kikao kiliazimia kuidhinisha matengenezo ya miundombinu ya maji kama yalivyowasilishwa." Ukiinakili hiyo kwenye kijarida hujamwambia mtu chochote. Mimi ningeiandika hivi: "Mota ya pampu ya tenki la juu imeungua. Kamati imepata makadirio ya mafundi watatu na imemchukua wa bei ya kati kwa sababu anatoa dhamana ya mwaka mmoja, wa bei ya chini hakutoa dhamana yoyote. Hela inatoka mfuko wa matengenezo, mchango wenu hauongezeki. Kazi ni Jumanne, maji yatakatwa kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 10 jioni, kwa hiyo jazeni ndoo Jumatatu usiku. Anayesimamia ni katibu." Umeona hapo, kila mtu amepata anachotaka, anayehesabu hela kajua hela inatoka wapi, mwenye mtoto mchanga kajua ajaze maji lini, na yule mwenye mashaka na kamati kajua kwa nini hawakuchukua bei ya chini. Hilo la mwisho ndo wengi wanalisahau, wanatangaza uamuzi bila kutoa sababu, alafu wanashangaa watu wananung'unika.

Kuhusu wadaiwa, tafadhali sana msichapishe majina. Najua kuna kamati zinapenda kuweka orodha ili watu waone aibu walipe, lakini inaweza kuwa mtu ameshalipa na benki haijaonyesha, inaweza kuwa ana mgogoro halali na chama kuhusu hesabu yake, na mkikosea mmemchafulia mtu jina mbele ya majirani na hilo linaweza kuwafikisha mahakamani. Andikeni jumla: nyumba ngapi hazijalipa, deni ni kiasi gani, na deni hilo limesimamisha kazi ipi. Hiyo ya mwisho ina nguvu kuliko jina la mtu, maana kila anayesoma anaona kwa nini taa za njia ya nyuma hazijatengenezwa mpaka leo.

Sasa kabla hamjaandika toleo la kwanza, pelekeni jambo hili kwenye kikao cha kamati lipitishwe na liandikwe. Nani mhariri, nani anakagua kabla ya kutoka, anapewa siku ngapi kukagua, na akikagua anaruhusiwa kurekebisha nini. Mimi naona mwenyekiti na mweka hazina wasome kabla, wapewe siku 3, na warekebishe takwimu na ukweli tu. Habari ikiwa ya kweli lakini haimpendezi mtu, inabaki. Msipokubaliana hili mapema kijarida kitageuka kuwa cha kumsifia mwenyekiti, na watu wataacha kukifungua bila hata kuwaambia. Na ukifika uchaguzi wa kamati kila mgombea apewe nafasi sawa, idadi ile ile ya maneno, picha ya ukubwa ule ule, hata kama mmoja wao ndo mwenyekiti aliyeko madarakani. Hapo hapana mjadala kwa kweli.

Jingine la kisheria kidogo: kijarida hakichukui nafasi ya taarifa rasmi ya mkutano mkuu. Katiba ya chama kwa kawaida inasema taarifa itolewe siku ngapi kabla na kwa njia gani, someni yenu muifuate. Kwenye kijarida kumbusheni tarehe na ajenda, lakini barua rasmi iende vilevile, vinginevyo mtu anaweza kupinga maamuzi yote ya mkutano kwa kigezo hicho tu.

Upande wa muundo sina maneno mengi. Karatasi ya A3 ukiikunja katikati unapata kurasa 4 za A4, na A4 ukiikunja unapata kurasa 4 za A5. Kwa hiyo kijarida cha kukunja kinaenda kwa nne nne, ukiwa na habari za kurasa 5 punguza moja, usijaze tatu zingine kwa vitu visivyo na maana. Herufi ziwe saizi 12, wazee wasome bila kuhangaika. Kwa wanaosoma kwenye simu, faili la pidiefu la ukurasa wa A4 linasumbua, mtu anavuta picha kushoto kulia mpaka anakata tamaa, kwa hiyo bandika maneno yenyewe kwenye ujumbe na faili liwe la nyongeza. Ukituma kwa barua pepe weka anwani zote kwenye sehemu ya wapokeaji waliofichwa, usipofanya hivyo umegawa anwani za watu wote kwa watu wote. Na nakala chache za karatasi zibandikwe kwenye ubao wa matangazo na nyingine ziachwe kwa mlinzi getini.

Wapangaji wapewe pia. Kuna watu wanabisha hili, wanasema chama ni cha wenye nyumba, sawa, lakini nyumba nyingi mwenyewe hakai pale, anayekaa ndo anatupa taka, anapaki gari, anakatiwa maji. Mwenye nyumba aliye mbali naye atumiwe kwa sababu yeye ndo mwenye kura.

Vya kutoweka kabisa: nani amesafiri na anarudi lini, namba za siri za geti, ratiba ya kubadilishana zamu kwa walinzi, na picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Kijarida kinatoka nje ya geti, usidhani kinasomwa na majirani tu. Matangazo ya biashara za wakazi yanakubalika, yanasaidia gharama za kuchapisha, ila yatengwe yaonekane ni matangazo, na kama fundi anayetangazwa ni ndugu wa mjumbe wa kamati semeni hivyo hapo hapo.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye kijarida chetu ni maswali ya wakazi. Mtu anauliza, swali linachapishwa na jibu la kamati chini yake. Kama kamati haijajibu tunaandika "jibu bado" na linarudi toleo linalofuata, likiwa na tarehe lilipoulizwa mara ya kwanza. Hakuna maneno makali, ni tarehe tu, na inasukuma mambo sana.

Msijibebeshe mzigo wa kila mwezi mwanzoni. Mara moja kila miezi 3 inatosha, mkiifungamanisha na vikao vya kamati habari zinakuwepo zenyewe. Kila toleo liwe na namba, mwezi na mwaka, na nakala moja ihifadhiwe na katibu, maana anayenunua nyumba hapo akipewa matoleo ya nyuma anajua bomba gani linasumbua, na ahadi gani bado haijatimizwa.

Toleo letu lijalo tunaandika kuhusu mfuko wa akiba, kwa sababu paa, pampu, lifti na rangi ya nje vyote vina umri wake, na akiba isipotosha siku ya kubadilisha ndo unasikia mchango wa dharura kwa kila nyumba. Nataka tuweke jedwali lenye kifaa, mwaka kilipofungwa, mwaka kinapotarajiwa kubadilishwa na kiasi kilichokwisha tengwa. Mweka hazina kakubali kutoa takwimu, fundi wa lifti bado tunamfuatilia.