Matunguu ya Amerika Kusini na kalenda ya mvua yao

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikipanda bustanini maua ya Amerika Kusini yanayoota kutokana na matunguu, yaani mimea ambayo sehemu ya mwaka hujificha ardhini ikiwa imejikunja kama kitunguu, ikisubiri msimu wake. Siku hizi, kabla sijafikiria mbolea wala ukubwa wa chungu, huuliza kwanza jambo moja: tunguu hili limetoka upande gani wa milima ya Andes?

Swali hilo nilifundishwa na hasara. Nilikuwa na matunguu saba ya leukokorine, ua la Chile lenye rangi ya samawati iliyopauka na bua jembamba linaloyumba kwa upepo mdogo tu. Yalichipua na kuchanua vizuri, kisha joto lilipoanza kupanda majani yakageuka manjano kuanzia nchani. Nilidhani mmea una kiu, nikazidisha maji. Wiki chache baadaye, nilipofukua kuona kulikoni, kidole kilizama ndani ya tunguu la kwanza pasipo kizuizi chochote, na yote saba yalikuwa yamegeuka ute wa kahawia ndani ya maganda matupu. Mmea haukuwa na kiu hata kidogo. Ulikuwa unalala, nami niliuzamisha usingizini.

Katika Chile ya kati, magharibi ya Andes, mvua hunyesha wakati wa baridi, hasa kati ya Mei na Agosti, na miezi ya joto hupita mikavu kabisa. Mimea ya huko imejipanga kuota kwenye ubaridi na unyevu, kuchanua katika majira ya kuchipua, kisha kurudi ardhini kabla jua halijawa kali. Kaskazini zaidi, katika jangwa la Atacama, subira hiyo hufikia kiwango cha kustaajabisha: matunguu ya ua ambalo Wachile huliita añañuca hukaa ardhini hata miaka kadhaa bila kuonekana, mpaka inaponyesha mvua ya kutosha, mara nyingi katika mwaka wa El Nino, ndipo jangwa linapogeuka zulia la rangi. Mashariki ya milima, kusini mwa Brazili na kaskazini mwa Argentina, mambo ni kinyume, kwa kuwa huko mvua nyingi huja na joto, na mimea hukua wakati ule ule ambao ndugu zao wa Chile wamelala.

Kwa hiyo matunguu ya Chile nayapanda kwenye vyungu, kamwe si kwenye tuta la wazi, isipokuwa kwa mtu ambaye miezi yake ya joto ni mikavu kweli. Udongo wangu ni nusu mchanga mkubwa na changarawe laini, na nusu iliyobaki ni udongo wa kawaida wenye mboji kidogo. Majani yakianza kugeuka manjano, chungu kinahamia chini ya paa ambako mvua haifiki, na hakipati tone mpaka hewa ipoe tena. Katika kundi hili ninaloliheshimu kuliko yote ni Tecophilaea cyanocrocus, ua dogo la buluu iliyokolea ambalo kwa miongo mingi lilidhaniwa limetoweka porini, baada ya kuchimbwa kupita kiasi na kukanyagwa na mifugo, hadi lilipoonekana tena karibu na Santiago mwaka 2001. Mtu anayelitaka, nami natamani wengi walitake, ahakikishe kwamba analonunua limekuzwa kitaluni.

Kati ya matunguu yote ya Amerika Kusini, hipeastrumu ndiyo inayojulikana zaidi, ingawa wengi huiita amarili. Amarili ya kweli ni mmea wa Afrika Kusini, na mabishano kuhusu jina hilo yalidumu kwa muda mrefu mpaka wataalamu wa mimea walipoyafunga rasmi mwaka 1987. Njia rahisi ya kuzitofautisha ni kukata bua la ua: la hipeastrumu lina uwazi ndani kama mwanzi, la amarili limejaa.

Hipeastrumu hupandwa huku sehemu ya juu ya tunguu, theluthi moja hadi nusu, ikibaki nje ya udongo, katika chungu kinachozidi upana wa tunguu kwa sentimita 2 au 3 kila upande. Chungu kikubwa hushika unyevu ambao mizizi michache haiwezi kuumaliza. Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi, hata hivyo, ni kukata majani mara tu maua yanaponyauka. Ndani ya tunguu, mmea hujenga kwa mpangilio wa majani manne kisha kichipukizi cha ua, halafu majani manne mengine na kichipukizi kingine, na vichipukizi hivyo huanza kuumbwa muda mrefu kabla ya kutokeza nje. Anayekata majani leo anapunguza maua ya miaka inayofuata. Mimi hukata bua la ua peke yake, na majani nayalisha mpaka yachoke yenyewe.

Hata humu ndani ya jenasi moja, yaani kundi la mimea yenye undugu wa karibu, kuna tofauti za kuzingatia. Hipeastrumu nyingi za madukani hukubali kulala miezi miwili au mitatu bila maji, lakini Hippeastrum papilio, yenye mistari ya rangi ya damu ya mzee juu ya weupe wa kijani, hutoka katika misitu ya kusini mwa Brazili ambako huota hata juu ya miti, na majani yake hubaki mabichi mwaka mzima. Ukiikausha kama zile nyingine, unaidhoofisha bure.

Kanuni yangu ya Andes nayo ina mipaka yake. Ipheioni, yenye maua mfano wa nyota na majani yanayonuka kitunguu saumu ukiyafikicha, asili yake ni Argentina na Uruguay, upande wa mashariki, lakini hulala wakati wa joto kama mmea wa Chile. Jirani yake Zephyranthes candida, ua jeupe la kandokando ya Río de la Plata, haina haja ya kulala na huvumilia hata udongo unaotuama maji. Hii nawapendekezea wanaoanza, kwa sababu hufumuka siku chache tu baada ya mvua nzito. Eukari, tunguu la misitu ya Amazoni, hutaka kivuli, joto na unyevu wa kudumu, basi.

Maadui ni wachache ila wasumbufu. Vidung'ata, wadudu wadogo weupe wanaofyonza utomvu, hujificha kwenye mikunjo ya shingo ya tunguu, na kuvu huleta mabaka mekundu kwenye majani na mabua, hasa panapomwagiliwa maji kwa juu. Matunguu ya ukoo wa hipeastrumu yana sumu, hivyo yawekwe mbali na watoto na mbwa.

Kwa sasa nina bakuli la maji dirishani lenye mbegu kumi na tisa za papilio, nyeusi, bapa, nyepesi kama vipande vya karatasi iliyoungua, zikielea juu ya maji kama inavyofanyika kwa mbegu za hipeastrumu. Jana tatu zilikuwa zimetoa mzizi mweupe unaoelekea chini. Zikitoa jani la kwanza nitazihamishia kwenye udongo, na ua la kwanza nalitarajia baada ya miaka mitatu au minne.